Kijana aliyekosa shule Mbeya anaanzia wapi?

Kwenye karakana moja ya useremala pale Soweto, Mbeya, nilimkuta kijana akipima mlango wa kabati kwa kijiti. Futi kamba ilikuwa mfukoni mwa fundi wake, nje pale. Kijana alikuwa amekata ufito wa paina, akaulaza kwenye fremu, akatia alama ya penseli, kisha akauhamishia kwenye ubao aliotaka kukata. Mlango ulikaa sawasawa. Nikajua ni ile mbinu ya mafundi wa zamani, na kweli wapo mafundi wazuri wanaoipenda mpaka leo kwa sababu kijiti hakikosei kusoma. Ila fundi alipoita kutoka nje, "Nikatie vipande vinne vya arobaini na saba na nusu," kijana aliitikia vizuri, akaweka randa chini, akaenda kumtafuta mwenzake.

Nusu hakujua iko wapi kwenye futi. Namba alizitambua, kama mtu anavyotambua noti kwa rangi. Vilivyomshinda ni vile vistari vidogo vya katikati. Aliacha shule darasa la tatu huko Umalila, akaja mjini kuuza karanga stendi, baadaye akaangukia kwenye mbao. Sasa ana miaka 22, minne kati ya hiyo akiwa saidia fundi.

Nilianza kuuliza watu: kijana kama huyu, kwa utaratibu uliopo nchini leo, anaanzia wapi? Nilitegemea jibu la sentensi moja. Nilichokipata ni rundo la vifupisho. Wengi tunalalamika kwamba serikali haina mpango na vijana wa mitaani, lakini ukikaa chini ukahesabu unakuta mipango ipo, tena si mmoja. Shida ni kwamba kila mmoja una kizingiti chake: huu umri, ule darasa uliloishia, mwingine saa za vipindi. Na hakuna aliyepewa kazi ya kumshika mtu mkono amvushe kutoka mmoja kwenda mwingine.

Kwanza wanakuuliza umri

Mpango unaojulikana zaidi ni MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Ulianza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye wilaya chache, kisha ukasambazwa nchi nzima. Una makundi mawili: watoto ambao bado wanaweza kurudishwa kwenye darasa la kawaida wakishafikia kiwango, na wakubwa kidogo, miaka 14 hadi 18, ambao kuwaketisha na watoto wa darasa la pili ni kuwafukuza kwa adabu. Madarasa yake mara nyingi yamo ndani ya shule ya msingi ileile ya mtaani, ndiyo maana wazazi wengi hudhani MEMKWA ni mkondo wa wanafunzi wazito. Sivyo.

Wa pili ni IPOSA, ambao kwa Kiswahili huitwa Mpango wa Elimu Changamani kwa Vijana Walio Nje ya Shule. Huu ulianza baadaye kuliko MEMKWA na unawalenga vijana wa miaka 14 hadi 19. Neno "changamani" limewekwa kwa maana yake: kijana anapata KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), stadi za maisha, ujasiriamali na stadi za awali za ufundi, vyote kwa pamoja, bila kusubiri kimoja kiishe ndipo kingine kianze. Binafsi naona huu ndio ulioielewa shida vizuri kuliko mingine, na nitaeleza kwa nini.

Ukivuka miaka 19 unaingia MUKEJA, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii. Hapo watu wazima wanakaa kwenye kikundi na mwezeshaji, wanajifunza KKK huku kikundi kikiwa na mradi wa kuingiza kipato, kuku au sabuni kwa mfano. Kwa hiyo yule kijana wa kijiti amepitwa na MEMKWA na IPOSA pia. Umri umempeleka kwenye kisomo cha watu wazima.

Sasa mwambie kijana wa miaka 22 wa Soweto aende kisomo cha watu wazima. Atacheka. Kichwani mwake hiyo ni "ngumbaru", neno ambalo sisi wenyewe tumelifanya tusi: bibi mwenye miwani, ubao chini ya mwembe, "a, e, i, o, u". Aibu hii inafukuza watu kuliko ada, na sijaona mahali inapoandikwa kwenye mpango wowote. Dada mmoja anayeuza chakula upande wa Mwanjelwa aliniambia angekwenda darasani kama kisomo kingekuwa kinaitwa kozi. Kozi watu wanaitangaza. Kisomo wanakificha.

Pamba ya Mwanza na bodaboda ya Mafiati

Inafaa tukumbuke kwamba nchi hii iliwahi kulijua jambo hili kuliko nchi nyingi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo vikundi vilikusanyika kusikiliza redio, vikajadili, kisha vikaondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikaundwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, ambayo mpaka leo ina ofisi mikoani. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika, ambao baada ya Uhuru walikuwa zaidi ya nusu ya watu wazima, walishuka hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Kisha mambo ya uchumi yakabana, wawezeshaji wakaacha kulipwa posho, taa za kandili zikaisha mafuta, na idadi ikapanda tena.

Lakini kinachonivutia mimi kilitangulia yote hayo. Kuanzia 1968 hadi 1972, kwa msaada wa UNESCO, kulikuwa na mradi wa majaribio kanda ya Ziwa, makao yake Mwanza, uliofundisha kusoma kupitia kazi ya mtu. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba. Wa ndizi, cha ndizi. Mvuvi, cha uvuvi. Neno la kwanza kulisoma lilikuwa neno alilolitamka asubuhi ile shambani. Hakuambiwa ajue kwanza kusoma ndipo siku moja afundishwe kilimo bora. Alijifunza kusoma kwa sababu kilimo bora kilikuwa kimeandikwa.

Kwa watu wa mjini sijaona kitabu cha namna hiyo. Jiji la Mbeya lina watu zaidi ya laki tano kwa sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya vijana wake wako kwenye bodaboda, bajaji, gereji, kuchomelea mageti, saluni, mbao, kupakia mizigo, biashara ya mchele na ndizi. Mwezeshaji anaandika ubaoni "baba analima". Yule aliye mbele yake hajashika jembe tangu ashuke kwenye basi.

Chukua bodaboda. Vijana wengi hawana pikipiki zao. Wengine ni deiwaka, yaani wanashika pikipiki ya mwenzao kwa muda, wengine wanaendesha kwa hesabu ya kila siku, wengine wamechukua kwa mkataba. Tuseme pikipiki dukani ni shilingi 2,800,000. Tajiri anakupa kwa mkataba wa 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima, halafu inakuwa yako. Zidisha 12,000 kwa sita, upate 72,000 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52: 3,744,000. Maana yake tajiri amekuongezea 944,000 juu ya bei ya dukani. Huenda ni haki yake, maana mtaji ni wake na hatari ni yake pia. Lakini kijana asiyeweza kupiga hiyo hesabu hajakubaliana na bei yoyote. Kakubaliana na elfu kumi na mbili tu. Na kwenye karatasi aliyoweka dole gumba kuna mstari unaosema akilala siku tatu bila kuleta hesabu, pikipiki inarudi na alichokwisha kulipa kimeliwa. Hilo moja lingetosha kuwa somo la kuzidisha, la kusoma na la sheria ya mikataba, kwa wiki mbili, na kijiwe kizima cha Mafiati kingekuja bila kuitwa.

Upande wa ufundi

VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ndiyo inayojulikana. Iliundwa kwa sheria ya 1994 na ina chuo Mbeya na kingine Iringa. Ada yake ni jambo ambalo watu hawaamini ukiwaambia: kwa miaka mingi kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ni fedha ambayo saidia fundi anaweza kuichanga. Kwa nini basi haendi?

Sababu ni siku zake. Tuseme analipwa 7,000 kwa siku, siku sita. Kwa mwezi ni kama 168,000. Akikaa darasani miezi kumi, amepoteza 1,680,000, na hapo hatujataja daladala wala chakula. Ada ni tone kwenye ndoo. Gharama yenyewe ni saa kati ya mbili asubuhi na tisa alasiri, na hizo hakuna mfadhili anayezilipia. Mtoto anayelishwa na wazazi anaweza kuziacha. Huyu anayemtumia mama yake Umalila elfu ishirini kila mwisho wa mwezi hawezi. Kuna kozi fupi na za jioni, na hizo kwangu ndizo hasa zinazowafaa watu wazima, lakini hazisikiki mtaani kama zile ndefu zinavyotangazwa.

Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 nchi nzima, vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa kuiga shule za wananchi za Sweden. Mbeya kuna Nzovwe, ndani ya jiji kabisa, na Iringa kuna Ilula, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Wengi tunapita mbele yake tukidhani ni shule ya sekondari. Vinafundisha ufundi, kilimo na ushonaji, na katika miaka ya karibuni vimepokea wasichana waliokatiza shule kwa ujauzito au umaskini, kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho. Binti anaruhusiwa kuja na mtoto wake, na mtoto ana mahali pa kukaa mama akiwa darasani. Nilipolisikia hili nilijiuliza kwa nini halikuwa kawaida tangu zamani. Mabinti wanaotoka Njombe, Mufindi na Makete kwenda kufanya kazi za ndani, ambao mji wa Iringa na Mbeya unawategemea kila asubuhi, wakipata ujauzito wanabaki na mtoto mgongoni na kazi imekwisha. Kozi isiyo na mahali pa mtoto haikuandaliwa kwa ajili yao.

(Hapa niongeze kwamba tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu yoyote, ujauzito ukiwamo, anaruhusiwa kurudi kwenye shule rasmi. Bado nakutana na wazazi wanaoamini ni marufuku.)

Kwa wanaotaka sekondari njia ni nyingine. Aliyemaliza la saba akaishia hapo anaweza kusoma hatua mbili kwenye vituo vya TEWW au vituo binafsi. Hatua ya kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, na mwisho wake ni Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, NECTA, ule unaoitwa kwa kifupi QT. Bila huo, mtu ambaye hakuwahi kufanya mtihani wa kidato cha pili hawezi kukaa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ya pili ni cha tatu na cha nne. Ni njia nzuri kwa mwenye msingi. Kwa aliyeishia la tatu bado iko mbali.

Kuhusu miradi inayogawa cherehani nitasema kwa kifupi. Mabinti ishirini, miezi mitatu, cherehani ishirini, picha na mgeni rasmi, kwaheri. Baada ya mwaka mtaa mmoja una mafundi cherehani kumi na wawili wanaogombea sare za shule za mwezi Januari, na cherehani nyingine zimeuzwa. Ufundi uchaguliwe kwa kutembea mtaani kuona kinachokosekana. Mbeya ya sasa ukitaka fundi wa friji, au wa umeme wa bajaji, au wa kutengeneza madirisha ya alumini, unasubiri foleni. Mafinga wanatafutwa watu wanaojua kunoa na kurekebisha misumeno ya mashine za mbao, maana msitu wa Sao Hill uko pale na viwanda havilali.

Kinyume chake nimekiona Iringa mjini, Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Wanafuma, wanashona, wanatengeneza karatasi na mapambo, na wana mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Mteja ndiye anayelazimika kujifunza kidogo ili apate chai. Hapo mafunzo na ajira vimekaa chini ya paa moja, na mtu halazimiki kuhitimu ndipo aanze kubisha hodi kwa waajiri.

Cheti cha aliyejifunzia gereji

Mafundi wengi wa mji huu hawajapita chuo chochote. Wameanza kwa kushika spana na kuosha vipuri kwa petroli, wakatumwa chai, wakapigwa makofi mawili matatu, na baada ya miaka mitano injini wanaijua kwa sikio. Kwa hao kuna urasimishaji ujuzi, utaratibu wa VETA wa kumtambua mtu aliyejifunza nje ya mfumo rasmi. Mtahini anakuona kazini au anakupa kazi ufanye, anakuuliza kwa mdomo, anapima unachokijua na usichokijua. Penye pengo unaongezewa mafunzo mafupi. Ukifaulu unapata cheti. Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, imekuwa ikigharamia makundi ya vijana kwenye urasimishaji huu, na pia kwenye uanagenzi, ambapo kijana anagawa muda wake kati ya chuo na sehemu ya kazi. Don Bosco Iringa ni mojawapo ya vyuo vilivyopokea wanagenzi hao.

Kwa kijana wa kijiti hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi, na hapohapo ndipo penye kikwazo. Mtahini atampa mchoro. Atamwambia tengeneza droo, upana sentimita 47.5. Mikono yake inaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mhitimu wa chuo, lakini itakwama kwenye kistari kilekile. Na anayefundisha kistari yuko MUKEJA, kwenye darasa lenye ubao wa "baba analima", chini ya ofisi nyingine kabisa.

Ndiyo maana nilisema IPOSA imeielewa shida. Kumwambia mtu mzima asome kwanza, ufundi baadaye, ni kumpa miaka miwili ya kusubiri ambayo hana. Kumpa ufundi peke yake ni kumwacha asaidie wenzake maisha yote, kwa sababu anayesoma mchoro ndiye atakayechukua tenda. Vikifundishwa pamoja, nusu sentimita inakuwa somo la hesabu na la useremala kwa wakati mmoja. Sioni sababu utaratibu huo ufungwe kwa mtu anapotimiza miaka 20.

Baada ya ujuzi linakuja suala la mtaji. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea 2024. Ni fedha nzuri, ila inaombwa na kikundi chenye katiba, akaunti na andiko la mradi. Andiko! Nimeona kikundi cha vijana sita wakimlipa mtu wa steshenari awaandikie, naye akawawekea mradi wa ufugaji wa nguruwe kwa sababu ndio aliokuwa nao kwenye kompyuta. Wao walikuwa wanaosha magari.

Nilirudi Soweto mwezi Juni, baridi ile ya Mbeya inayomfanya mtu ashike kikombe kwa mikono miwili. Nilimweleza kijana yote haya kadiri nilivyoweza: ofisi ya kata, kwa afisa elimu kata ukaulize kisomo kiko wapi, VETA ukaulize urasimishaji na kozi za jioni, Nzovwe ukaangalie. Alisikiliza huku akipiga msasa mguu wa meza. Nikamalizia, nikasubiri maswali.

Alikuwa nalo moja tu. "Kaka, wanaanza saa ngapi? Maana hapa tunafunga saa kumi na mbili."